Kwa mnaoanza kupiga taimulapsi za anga la Tanga

Wadogo zangu, taimulapsi ni video ya picha nyingi zilizopigwa kwa kupishana muda, zikachezwa haraka. Swali la kamera gani mnunue liacheni kwanza. Simu nzuri na mahali pasipotikisika vinatosha kuanzia.

Ukipiga picha moja kila sekunde 10, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, unapata picha 4,320. Zikichezwa 24 kwa sekunde, siku nzima inapita kwa dakika 3. Mawingu madogo ya msimu wa upepo wa kusi yanakimbia, kwa hayo shukeni hadi sekunde 3 au 4. Maji kupwa na kujaa hayana haraka: picha moja kwa dakika.

Masika yangu ya kwanza yaliharibika yote kwa sababu niliiachia kamera ijipangie mwanga. Kila wingu lilipopita mbele ya jua ilibadilisha kipimo, video ikawa inapepesa. Mwanga, fokasi na rangi pangeni kwa mkono, kisha msiguse tena. Ukiwa Raskazone, kule ufukweni, ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi, na kila baada ya saa moja ufute lenzi taratibu. Chumvi inaganda bila wewe kuiona, mpaka jua ligeuke upande wako na picha yote iwe ukungu.

Lakini kilichonifunza zaidi ni paa moja la Ngamiani, hapa mjini Tanga. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tatu, kaskazi imelegea na masika hayajaingia. Nilielekeza kamera magharibi, mahali palepale, siku 9 mfululizo. Kwa macho, kila siku ilikuwa na mawingu yake. Nilipozicheza video zote kwa pamoja, nikaanza kuufuata moshi wa jiko la jirani. Alfajiri ulilala kuja upande wangu, kwenda baharini, maana umande, ule upepo wa bara, ulikuwa bado unavuma. Karibu saa nne ulisimama wima kwa muda mfupi, kisha ukageuka kwenda bara. Baada ya hapo mawingu ya juu ya mji yalipungua, na kule Usambara yakajipanga mstari, yakafura hadi alasiri.

Nchi kavu inapata joto upesi kuliko bahari. Hewa yake ikipanda, ya baharini inaingia. Ikifika milimani inasukumwa juu, inapoa, na mvuke wake unakuwa wingu. Wavuvi wa pale Deep Sea, kwenye soko la samaki la Tanga, wanauishi mzunguko huu kila siku, kwa hiyo waulizeni kabla ya kuchagua siku ya kupiga.

Andikeni tarehe, saa na upande kamera ilikotazama, na msifute siku zinazofanana. Siku ya saba moshi wa jirani haukugeuka: tangu alfajiri ulikuwa umeinamia bara, na mvua ikashuka kabla ya adhuhuri. Bila zile nane nyingine nisingejua kwamba asubuhi ile ilikuwa tofauti.