Herufi moja kati ya kuagiza na kukataza

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipewa kazi ya kutafsiri kanuni za bweni la chuo chetu. Palipokatazwa kuingiza "proscribed drugs", niliandika "dawa zilizoandikwa na daktari". Siku kanuni zilipobandikwa, mwanafunzi mwenye pumu alikuja kuniuliza kama dawa yake ya kuvuta aiache nyumbani. Je, "prescribe" na "proscribe" si kitenzi kimoja? – Karani, Morogoro.

JIBU: Ndugu Karani, vitenzi hivi vimezaliwa na mzizi mmoja wa Kilatini, "scribere", yaani kuandika, lakini vinaamuru mambo yanayopingana. "Prae-" ni mbele au kabla. Kwa hiyo "prescribe" ni kuelekeza kwa maandishi jambo la kufuatwa, kama daktari anapokuandikia dawa au sheria inapoweka kiwango cha ada.

"Pro-" ya hapa ni mbele za watu, na Warumi walitumia "proscribere" kwa maana ya kutangaza kwa maandishi. Maana ya leo imetokana na tangazo moja baya. Mwaka 82 KK, jemadari wa Kirumi Sulla, akiwa ameushika mji wa Roma, alibandika hadharani majina ya mahasimu wake. Aliyetajwa aliweza kuuawa na mtu yeyote, muuaji akapewa zawadi, na mali ya marehemu ikapigwa mnada. Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, naye aliuawa mwaka 43 KK baada ya jina lake kutiwa katika orodha ya namna hiyo. Ndiyo maana "proscribe" ni kupiga marufuku, na Sheria ya Ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000 inalitumia neno hilo kwa makundi yaliyoharamishwa.

Kosa lako naliona kuwa la kawaida kwetu, kwa sababu sikio la Mswahili limezoea kusubiri mwisho wa kitenzi: andika, andikia, andikisha. Vitenzi hivi vya Kiingereza hubeba maana kichwani. Tena usitegemee maneno ya jirani yakuokoe, maana "prescribed by law" ni kilichowekwa na sheria, na "proscribed by law" ni kilichokatazwa na sheria hiyohiyo.

Kwa kuwa "drugs" hujumuisha dawa za tiba na za kulevya, andika: "Ni marufuku kuingiza bwenini dawa zilizoharamishwa, zikiwemo dawa za kulevya." Bandika sahihisho hilo leo, na yule mwanafunzi mwambie dawa yake asitengane nayo.