Muulize Fundi: Milango inayobana kila masika

SWALI: Shikamoo fundi. Nilimaliza VETA mwaka juzi, sasa nipo kwenye karakana ndogo hapa Keko, nalipwa kwa kipande. Milango yetu ya paneli inarudi kila masika, inabana. Bosi ananiambia, "Piga randa, mpe mtu mlango wake." Kiangazi kikiingia, mwenye mlango analalamika unacheza kwenye fremu. Halafu nikipiga msasa mninga nakohoa usiku kucha. Wenzangu wanasema ninywe maziwa. Nifanyeje?
Seremala kijana, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Bosi wako simlaumu sana, maana kodi ya kibanda haisubiri ubao ukauke. Ila kabla hujagusa randa, muulize mwenye mlango kama nyumba inadekiwa kila siku. Kisha ung'oe kwenye bawaba uutazame chini. Naweka dau utakuta vanishi imeishia pale macho ya mteja yanapoishia, na ule ukingo wa chini ni mkavu kabisa. Maji ya deki yanapandia hapo hapo. Ukingo wa juu nao hivyo hivyo. Paka vanishi pande zote sita kabla hujaufunga. Ni kazi ya dakika chache.

Pili, tazama paneli, ule ubao mpana wa katikati unaokaa ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye mbao za pembeni. Ubao hautanuki kwa urefu wa kukusumbua, unatanuka kwa upana. Paneli iliyotiwa gundi kwenye mfereji wake ikivimba inazisukuma mbao za pembeni, na ikisinyaa inapasuka katikati. Gundi iweke kwenye ndimi tu, zile ncha za mbao za mlango zinazoingia kwenye matundu ya mbao nyingine. Paneli iache huru, na nafasi kama ya milimita 3 kila upande ndani ya mfereji.

Halafu mbao zenyewe. Mninga ukikauka vizuri ni mti uliotulia sana, hauchezi ovyo. Kwa hiyo mlango wa mninga ukivimba hivyo, mimi nahisi uliuchana ukiwa bado mbichi. Paini ndiyo usiseme, mara nyingi inashuka kutoka Mafinga bado na maji yake. Usimwamini muuzaji anayeugonga ubao kwa kidole na kukuambia "huu mkavu". Kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, andika uzito kwa penseli juu yake, kirudishe kwenye rundo. Baada ya wiki mbili pima tena. Kama bado unapungua, mbao hizo zipange juu ya fito, hewa ipite katikati, mbali na jua. Bosi akinuna, mwonyeshe zile namba za penseli, usibishane naye kwa maneno.

Ikibidi kuranda, subiri mvua zikate, na uranda upande wa bawaba ili kitasa kisihamishwe.

Kuhusu kifua: maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda kwenye mapafu. Yanywe kama unayapenda. Vumbi la mninga linawasumbua mafundi wengi, la mvule na mkongo pia. Vaa barakoa inayobana usoni, siyo kitambaa cha shingoni. Pigia msasa nje, upepo ukitokea mgongoni kwako. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Na kama kifua kinabana au kinapiga filimbi usiku, nenda hospitali wiki hii hii, umtajie daktari mti unaofanyia kazi.