Mbona tui zito hupanda juu?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafunza sayansi huku Kisauni. Niliwaambia watoto kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Mmoja akaniuliza, “Mbona kwetu tui likikaa, lile zito ndilo linalopanda juu?” Nikakwama. Nilikosea neno? Na densiti, kile kipimo cha uzito kwa ujazo, naweza kuiita msongamano?

JIBU: Marahaba. Mtoto huyo ana sikio la lugha. “-zito” hubeba mizigo mingi. Gunia la mchele ni zito, na hapo twasema habari ya mizani. Uji ni mzito, tui la kwanza ni zito: hapo mizani haimo kabisa, twasema halitiririki upesi. Mafuta ya nazi nayo huenda polepole kuliko maji, ilhali sentimita moja ya ujazo ya mafuta hayo ina gramu 0.92 hivi, na ya maji gramu 1. Kinachopanda kwenye tui la mwanafunzi wako ni mafuta hayo. Wewe ulikusudia maana ya tatu, uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayojaza, ndiyo hiyo densiti. Ungesema “kizito kuliko maji ya ujazo huohuo,” mtoto asingepata pa kukunasa.

Msongamano ni neno tamu, hasa kwetu tuvukao feri ya Likoni. Chembe za yabisi, yaani kitu kigumu, zimebanana kila moja mahali pake. Za kiowevu, yaani kitu cha majimaji, zimekaribiana lakini zapishana. Za gesi zimetawanyika. Maji yakichemka yakawa mvuke, chembe ni zilezile ila nafasi huzidi mara 1,600. Hapo msongamano watosha.

Kwenye zebaki ndipo unapokwama. Zebaki ni kiowevu, na bado kipande cha chuma huelea juu yake: gramu 13.6 kwa sentimita ya ujazo, chuma 7.9. Sababu kubwa ni kwamba chembe moja ya zebaki ina uzito zaidi ya mara tatu ya chembe ya chuma. Msongamano huhesabu abiria, haujali nani mnene. Barafu nayo ni kichekesho: maji yakiganda, chembe hujipanga kwa kuachiana nafasi, ndipo yabisi ikaelea juu ya kiowevu chake.

Kwa hiyo kipimo kiite densiti, wala usione haya kwamba neno limetoka ng’ambo. Hata meza ilikuja kwa jahazi. Msongamano uuweke kwa mpangilio wa chembe.