Maswali ya Wasomaji: Spika Zinazopiga Mluzi na Waya Zinazonguruma

Mwimbaji wetu akisogea hatua moja tu, spika zinapiga mluzi. Tunapiga kwenye kumbi ndogo, watu 60 hivi. Fundi anataka sauti ishushwe, mwimbaji analalamika kwamba hajisikii. Nani mwenye kosa?

Kabla ya kumlaumu mtu, kagueni jukwaa. Mluzi ni sauti inayozunguka: maiki inanasa sauti ya spika, mixa inaikuza, spika inaitoa tena, maiki inainasa upya. Mzunguko huo unakatwa kwa kupanga vyombo. Kugusa mixa ni hatua ya mwisho.

Anzeni na mkono wa mwimbaji. Akifumbata kile kichwa cha waya cha maiki, kama wafanyavyo marapa wengi, anaziba matundu yanayoiwezesha kukataa sauti za nyuma. Maiki inaanza kusikia pande zote, ikiwemo monita, ile spika iliyo miguuni inayomrudishia mwimbaji sauti yake. Ashike mpini. Kisha aisogeze mdomoni: kutoka sentimita 10 hadi 5, sauti yake inaongezeka kwa desibeli 6 hivi bila fundi kugusa kitu.

Halafu monita. Maiki ya kadioidi, aina inayosikia zaidi kwa mbele, haisikii vizuri kitu kilicho nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji, ikitazamana na mkia wa maiki. Ya supakadioidi, yenye usikivu mwembamba zaidi wa mbele, husikia kidogo kwa nyuma, na sehemu zake za ukiziwi ziko nyuma kwa pembeni. Hiyo inataka monita isogezwe kushoto au kulia. Wengi hununua maiki ya aina ya pili na kuacha monita palepale, kisha wanasema maiki ni mbovu. Spika kubwa za ukumbini nazo zisimame mbele ya mstari wa maiki zote.

Gitaa mara nyingi ndilo chanzo chenyewe. Amplifaya ikiwa sakafuni inampigia mpigaji magotini, hajisikii, anaongeza. Mwimbaji naye anataka zaidi kwenye monita. Inueni amplifaya juu ya kiti au iinamisheni itazame sikio la mpigaji. Ataipunguza mwenyewe bila ugomvi.

Sasa ndipo mwende kwenye mixa. Kateni masafa ya sauti (mitetemo mizito) yaliyo chini ya hezi 100 kwenye maiki za sauti, na zimeni maiki zisizotumika, maana kila mkiongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi mnapoteza desibeli 3 hivi. Bendi ikiwa kimya, pandisheni monita polepole hadi ianze kuvuma, tafuteni masafa yanayolia, yakateni kwa desibeli 3 hadi 6 kwa upana mdogo. Rudieni mara mbili, tatu basi. Mkikata sehemu saba au nane, mtabaki na sauti ya simu ya zamani. Mkimaliza, shusheni monita desibeli 3 kutoka pale ilipoanza kuvuma; hiyo ni akiba yenu.

Kinanda na kompyuta vikiunganishwa kwenye mixa, kunatokea mngurumo mzito usiokoma. Rafiki ametushauri tukate pini ya eathi (ile inayopeleka umeme ardhini kukiwa na hitilafu) kwenye plagi.

Msikate! Siku kifaa kikipata hitilafu, mpiga gitaa aliyeshika nyuzi akigusa maiki kwa midomo atakuwa yeye ndiye njia ya umeme.

Mngurumo wa hezi 50 au 60 kwa kawaida hutokea vifaa viwili vikiwa na eathi kwa njia mbili tofauti, kisha waya wa sauti unaviunganisha. Chomoeni chaja ya kompyuta kwa dakika moja: kelele ikikoma, mmempata mwizi. Vyombo vyote vya jukwaani na mixa vipate umeme sehemu moja, kisha pitisheni kompyuta na kinanda kwenye kisanduku cha DI (kinachoandaa sauti ya chombo iingie kwenye mixa kama ya maiki) chenye swichi ya kutenganisha eathi. Swichi hiyo inaikata kwenye waya wa sauti tu, ile ya umeme inabaki salama. Kwa kinanda, DI ya kawaida isiyohitaji umeme inatosha. Gitaa la kavu lenye pikapu (kinasa sauti cha ndani ya gitaa) isiyo na betri linataka DI inayotumia umeme, kwa hiyo fundi awashe zile volti 48 ambazo mixa hupeleka kupitia waya wa maiki.

Kama kelele ni ya kukwaruza na inabadilika taa zikififizwa, shida ni taa. Zipeni laini yao ya umeme.

Tunaandaa usiku wa bendi nne. Mara zote bendi ya mwisho inakatwa wimbo wa tatu. Tupangeje?

Kinachokula muda ni kubadilishana jukwaa. Dakika 30 kwa kila bendi na 15 za kubadilishana ni saa mbili na dakika 45: mkianza saa 2:00 usiku mnamaliza saa 4:45, ikiwa kila mmoja amefuata saa.

Majaribio ya sauti yaende kinyume: bendi ya mwisho ijaribu ya kwanza, ya kwanza ijaribu mwisho, ili vyombo vyake vibaki vilivyo milango ikifunguliwa. Seti ya dramu iwe moja. Kila mpigaji alete snea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), matoazi na pedali yake. Namba za kanali (njia za kuingizia sauti kwenye mixa) zisibadilike usiku mzima: dramu 1 hadi 6, besi 7, na kuendelea, hata kama bendi fulani haina besi. Pedali za gitaa ziunganishwe zote kwenye ubao wake nje ya jukwaa. Na sheria ambayo bendi husahau: teremsheni vyombo kwanza, kukunja waya na kufunga mabegi kufanyike chini. Mtu mmoja anayekunja waya jukwaani taratibu anaweza kula dakika 10.

Tunataka wimbo wetu utoke mtandaoni siku ya onyesho. Tuupakie lini?

Wiki nne kabla. Ombi la kuingizwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify linatakiwa angalau siku 7 kabla ya kutoka, na kabla ya hapo msambazaji, yaani kampuni inayowafikishia wimbo Spotify, anahitaji siku za kukagua. Pelekeni faili la WAV, kilele kisizidi desibeli -1, picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000. Majina ya watunzi na migao yao yaandikwe na kusainiwa kabla ya kupakia; baada ya wimbo kuanza kuingiza fedha, kila aliyepiga makofi studio anakumbuka kuwa alitunga.