Chora Kile Ambacho Mwandishi Amekipita Haraka

Wiki iliyopita kijana mmoja anayechora huko Mwanza ameniandikia: "Dada, picha yako ya zimwi imenitisha, na zimwi lenyewe silioni. Umefanyaje?" Picha anayoisema imo katika kitabu cha hadithi kilichotoka mwezi huu, na sitaficha furaha yangu. Nimeingoja siku hii kwa muda mrefu. Miaka ya nyuma mhariri mmoja alinirudishia michoro ya namna hiyohiyo, akasema watoto wanataka rangi za kung'aa na nyuso zinazocheka. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Mtoto aliyewahi kulala akimsikia fisi nje ya ukuta anaijua hofu, na anastahili picha inayomheshimu.

Mdogo wangu, nilichofanya nilikipata kwa Mmarekani N. C. Wyeth, mchoraji wa picha za vitabu.

Alizaliwa Needham, Massachusetts, mwaka 1882. Mwaka 1902 alikwenda Wilmington, Delaware, kwa Howard Pyle, aliyekuwa amefungua shule yake ya uchoraji bila kutoza ada. Pyle alikuwa bingwa wa kuchora maharamia. Katika picha yake ya mwaka 1909, haramia aliyetelekezwa na wenzake ameketi mchangani, kichwa kimeinama, mdogo kabisa chini ya anga ya manjano isiyo na mwisho. Hakuna upanga wala damu, lakini unajua atafia palepale. Pyle aliwataka wanafunzi wake waingie ndani ya picha kwa mawazo, wahisi baridi na uchovu wa wanayemchora, ndipo washike brashi.

Mwaka 1911 shirika la uchapishaji la Scribner's lilimpa Wyeth kazi ya kuchorea ile riwaya ya maharamia ya Stevenson ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Kisiwa Chenye Hazina. Alilipwa dola 2,500, akanunua ardhi Chadds Ford, Pennsylvania. Uchapaji wa rangi ulikuwa umeboreka, kwa hiyo alipaka rangi za mafuta kwenye turubai zenye urefu wa zaidi ya mita moja, zikapunguzwa kuwa kurasa za kitabu.

Itazame picha ya Pew, yule haramia kipofu wa riwaya hiyo. Wenzake wamemkimbia usiku, yuko peke yake barabarani, fimbo inapapasa hewa, nyumba ya wageni iko nyuma yake. Mtu mbaya kabisa, na bado moyo unakusukuma kumwonea huruma. Kisha itazame ile ya Jim, yule kijana shujaa wa riwaya, anapoondoka nyumbani. Kitabuni Jim anamuaga mama yake kwa maneno machache tu, hadithi inasonga mbele. Wyeth akasimama hapohapo. Jim anakuja upande wetu na kifurushi chake, na nyuma yake mama amejifunika uso, analia. Kilio kile Stevenson hakukiandika. Mimi picha hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nilipopewa hadithi ya msichana aliyerudi ufukweni kuchukua kombe lake, ile ambayo zimwi linamtia ndani ya ngoma, kila mtu alitarajia nichore ngoma na zimwi. Nikatafuta sentensi ambayo msimulizi anaipita mbio: akarudi peke yake. Nikachora nyayo za wenzake zikielekea kijijini, yeye ameinama kwenye mwamba, na kivuli kirefu ambacho si chake kimefika visiginoni mwake. Basi.

Kwa hiyo soma hadithi, tafuta mahali msimulizi alipopita haraka, uchore hapo. Chora dakika iliyo kabla ya tukio, au ile iliyo baada yake. Weka taa moja tu, chini na upande mmoja, uone vivuli vinavyokwenda, kisha anza na sehemu za giza. Nakuambia tena: msimulizi alipopita haraka, ndipo pako. Wachoraji wenzangu, tuache kujaza kurasa kwa mazimwi yaliyofungua vinywa. Mtoto hatishwi na meno, anatishwa na kile anachojua kinakuja.

Tena tusione aibu kuitwa wachoraji wa vitabu. Wyeth mwenyewe, kadiri miaka ilivyokwenda, alisononeka kwa kujulikana kwa kazi hiyo. Alitamani aheshimiwe kwa michoro isiyotegemea hadithi ya mtu. Nampenda sana, ila hapo sikubaliani naye hata kidogo. Alifariki mwaka 1945 karibu na Chadds Ford. Katika mji huohuo, jumba la makumbusho la Brandywine, lililofunguliwa mwaka 1971, linatunza picha zake kadhaa za kitabu kile cha maharamia, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama.