Kambare wadogo wa tangini: acha kuhesabu miezi, watazame kwa juu

Tuna msemo wetu kwamba ukoo wa kambare, baba ana ndevu, mama ana ndevu na mtoto ana ndevu. Tunautumia kwa watu wasiojulikana nani mkubwa na nani mdogo. Mimi nimeuishi kama ulivyo, nikiwa nimekaa mbele ya tangi la lita 80, nikiwatazama koridorasi sita, yaani kambare wadogo wa kufugwa tangini, wakichimbachimba sakafu, na nisijue yupi jike, yupi dume, wala kama kuna hata mmoja aliyefikia umri wa kutaga.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaoanza ni hili: watazaa wakifika miezi mingapi? Nitakupa namba, kwa sababu na mimi nilizitafuta kwa hamu. Wale wadogo kabisa, Corydoras pygmaeus, ambao hukomea karibu sentimita 2.5, wanaweza kutaga wakiwa na nusu mwaka hivi. Wale wa rangi ya shaba, aeneus, na wenye madoa, paleatus, huchukua miezi minane hadi mwaka, na mara nyingi zaidi. Sterbai ni wa kusubiriwa mwaka mzima hadi mwaka na nusu. (Ukikuta mahali aeneus anaitwa Osteogaster, usidhani ni samaki mwingine. Mwaka 2024 wataalamu waliligawa kundi hili kubwa katika jenasi kadhaa, yaani makundi madogo zaidi, na sisi wafugaji bado tunatumia majina tuliyoyazoea.)

Sasa ziweke namba hizo pembeni. Ni za samaki aliyekula vizuri katika maji safi tangu alipoanguliwa, na wengi wetu tunanunua samaki ambaye hatujui alikulia wapi wala alikula nini.

Wangu walikuwa aeneus. Niliwaleta nyumbani wakiwa na sentimita mbili na nusu hivi, nikaandika tarehe ukutani, nikaanza kuhesabu. Baada ya miezi saba nikaona muda umetimia. Nilikuwa nimesoma kwamba katika mito ya Amerika Kusini, wanakotoka, mvua huja na maji baridi na samaki hawa huanza kutaga, basi nikawa nawabadilishia maji kwa kuwashusha kutoka nyuzi 25 hadi 20, siku tatu mfululizo. Hakuna yai hata moja lililotoka. Mmoja alianza kujitenga pembeni, mapezi yamejikunja, na siku ya sita nikamtoa amekufa. Iliniuma sana, kwa sababu samaki yule hakuwa mgonjwa kabla sijamgusa. Naomba usirudie nilichofanya. Maji ya baridi hayatengenezi mayai. Humwamsha tu jike ambaye tayari anayo tumboni.

Nilipowatazama upya wale watano waliobaki, niligundua kwamba karibu hawakuwa wamekua. Kichwa na macho vilionekana vikubwa kuliko mwili, na hiyo ndiyo sura ya samaki aliyedumaa. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa mikononi mwangu.

Ya kwanza ni chakula, na hapa nataka nikae kidogo, maana imani kwamba kambare hawa ni wafagiaji wa tangi, kwamba wataishi kwa makombo ya wenzao, inawaumiza samaki wengi. Mimi nilikuwa namwaga chakula cha vipande vyepesi kinachoelea mchana, samaki wa juu wanakimaliza, na kinachofika chini ni vumbi. Koridorasi hutafuta chakula chini kwa ndevu zao, na huchangamka zaidi mwanga ukififia. Nilibadilisha. Nikawa nawapa vidonge vinavyozama baada ya kuzima taa, na mara mbili au tatu kwa wiki mabuu mekundu yaliyogandishwa, ambayo huyafuata kwa pupa utadhani hawajala siku nzima. Ndani ya wiki sita niliona tofauti bila kupima.

Ya pili ni sakafu. Nilikuwa nimeweka changarawe yenye kingo kali, na uchafu umejaa katikati yake. Ndevu za wawili zilikuwa zimelika hadi kubaki vishina. Kambare asiye na ndevu nzuri hupata taabu kupata chakula chake, na asiyekula hakui. Nikaitoa yote, nikaweka mchanga laini, na nikaanza kubadilisha theluthi ya maji kila wiki bila kuruka. Ndevu za mmoja ziliota tena karibu zote, na za mwingine nusu tu. Aliyedumaa akiwa mdogo sana huwa harudishi yote aliyopoteza, hata umtunze vipi baadaye.

Ukuaji wao ukiwa mzuri huenda hivi: mbio katika miezi ya mwanzo, kisha urefu unapungua kasi, kisha wanaanza kupanuka. Hapo ndipo pa kuangalia. Usiwatazame kupitia kioo cha mbele, inama uwatazame kwa juu. Dume aliyepevuka ni mwembamba na amenyooka kuanzia kichwani hadi mkiani. Jike ni mpana nyuma ya mapezi ya kifuani, na akiwa na mayai huonekana kama amemeza shanga. Kwa aeneus, jike mkubwa hufika sentimita sita na nusu au saba, na dume hubaki nyuma yake kwa kama sentimita moja. Usipoona tofauti yoyote kwa juu, bado ni watoto, hata kalenda iseme nini. Na ukiweza, weka madume wawili kwa kila jike.

Mayai yalikuja mwezi wa kumi na nne tangu niwalete nyumbani. Safari hii nilikuwa na majike wawili waliojaa, maji niliyoongeza yalikuwa na ubaridi wa nyuzi tatu tu pungufu, na niliyamimina polepole. Asubuhi yake niliwakuta madume wakimfuata jike mmoja kila kona. Dume hujilaza mbele yake, jike anagusisha mdomo ubavuni mwa dume wakafanya umbo kama la herufi T, kisha jike anabana mayai mawili hadi manne kati ya mapezi yake ya tumboni kama mtu aliyekinga viganja, halafu anakwenda kuyabandika kwenye kioo. Mwaka 1995 watafiti walieleza kwamba jike wa aeneus humeza manii ya dume, nayo hupita haraka tumboni na kutokea yalipo mayai. Nimewatazama mara nyingi tangu nilipolisoma hilo, na bado nastaajabu.

Utagaji wa kwanza karibu wote uligeuka mweupe kwa ukungu. Usivunjike moyo ukikutokea. Samaki wachanga katika kazi hiyo mara nyingi hutoa mayai yasiyorutubishwa. Wiki mbili baadaye walitaga tena, kama mia moja. Niliyabandua kwa ncha ya kidole, maana yakishakaa kidogo huwa magumu kuliko unavyodhani, nikayaweka kwenye chombo chenye maji yaleyale ya tangi na hewa ya kububujika taratibu, na kila jioni nikatoa yaliyopata ukungu kabla hayajaambukiza jirani.

Kwa nyuzi 25 walianguliwa siku ya nne. Siku mbili za mwanzo hawahitaji chakula, wanaishi kwa kiini walichobeba. Baada ya hapo ni artemia, vijidudu vidogo jamii ya kamba, walioanguliwa siku hiyohiyo, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Weka maji ya kina kifupi, kwa sababu koridorasi hupanda juu kumeza hewa na vifaranga nao huhitaji kufika huko bila kuchoka. Adui yao mkubwa niliyemwona ni utelezi wa sakafuni. Nilipoacha kunyonya uchafu kwa mpira mwembamba siku mbili tu, nilikuta wanane wamekufa. Walipotimiza mwezi mmoja walifika sentimita moja, na kufikia miezi mitatu waliofanya vizuri walikuwa na mbili na nusu, na sahani zao za mfupa ubavuni zinaonekana wazi. Walibaki arobaini na mmoja.

Wakati huo niliwagawa katika matangi mawili, kwa sababu msongamano huwadumaza upesi. Wahamishe kwa kikombe, si kwa wavu. Miiba ya mapezi yao hunasa kwenye nyuzi na unaweza kumvunja ukimnasua, na ikikuchoma wewe, inauma.

Sasa wana miezi kumi. Majike wawili wameanza kujaa nikiwatazama kwa juu, wa tatu, aliyetoka katika mayai ya siku ileile na kula chakula kilekile, bado ni mwembamba. Sijapoza maji. Nimeongeza mabuu jioni, na kila asubuhi nainama juu ya tangi kabla sijawasha taa.