Wakili wangu anagombea ujaji: anatafuta nini huko, na kesi yangu itakuwaje?

Swali: Wakili, salaam. Mimi ni Mkenya, naishi Houston, Texas. Mwaka jana niligongwa na lori, na kesi yangu anayo wakili mmoja ambaye jamii yetu hapa inamwamini sana. Juzi nimepata barua yake kwamba anagombea ujaji katika mahakama ya distrikti, kaunti ya Harris. Nimeshangaa. Mtu anashinda kesi kubwa kubwa, iweje aziache akatafute mshahara? Kwetu jaji anateuliwa, haombi kura. Tena wenzangu kanisani wanataka kumfanyia harambee, nami naogopa isije ikaitwa hongo. Mimi nilishapata uraia, mume wangu bado ana grini kadi tu. Kesi yangu itaishia wapi, na sisi tunaruhusiwa kufanya nini? – Mama Neema

Jibu: Mama Neema, salaam, na pole sana kwa ajali. Nitaanza na kesi yako, maana hayo mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi.

Kugombea hakumzuii wakili kufanya kazi yake. Anaweza kuzunguka na vipeperushi Jumamosi na Jumatatu akasimama mahakamani kwa niaba yako. Kinachomfunga ni kiapo, kwa sababu jaji wa distrikti haruhusiwi tena kuwa wakili wa mtu. Wanaoshinda Novemba huanza kazi Januari, kwa hiyo kesi yako ama imalizike kabla ya hapo, ama ipate mtu mwingine. Toa mkataba wako uusome: ulisaini na ofisi yenye mawakili kadhaa au na yeye peke yake? Kama ni ofisi, wenzake wataendelea nayo. Kama yuko peke yake, anaweza kukupendekezea wakili mwingine, lakini mwenye kuchagua ni wewe, na faili ni lako. Kwa kawaida kesi za ajali ni za asilimia, theluthi moja ya fidia au zaidi kidogo ikifika kusikilizwa. Mawakili wawili wanaweza kugawana asilimia hiyo ila lazima wewe ukubali kwa maandishi, na usikubali kila mmoja akukate asilimia yake.

Halafu muulize, kwa maandishi vilevile: kesi imeshafunguliwa mahakamani, na namba yake ni ipi? Mawakili wengi hutumia mwaka mzima au zaidi kubishana na kampuni ya bima kwa barua tu, na mteja akadhani tayari ana kesi. Texas inakupa miaka miwili tangu siku ya ajali kufungua dai la kuumizwa. Muda huo hausimami kwa sababu wakili wako ana kampeni. Ikiwa kesi imeshafunguliwa, hawezi kujitoa kimya kimya. Ataomba ruhusa ya mahakama nawe utaarifiwa.

Na kama kuna mtu amekunong'oneza kwamba akishinda kesi yako itakuwa imepata mwenyewe, mwambie asahau. Katiba ya Texas inamkataza jaji kusikiliza kesi ambayo aliwahi kuwa wakili ndani yake. Hata ikiangukia kwenye mahakama yake itahamishwa.

Sasa hili la kwa nini. Unasema kwetu jaji haombi kura, na ni kweli, ila siasa haikosekani hata huko. Unakumbuka 2021 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipopendekeza majaji, na Rais Uhuru Kenyatta akateua 34 na kuwaacha sita nje. Wamarekani wengi waliogopa hilohilo, kwamba jaji atakuwa mtu wa mkubwa aliyemteua, wakaona heri awe mtu wa wananchi. Mississippi ilianza kuwachagua majaji wake wote kwa kura mwaka 1832, na majimbo mengi yakafuata. Majaji wa shirikisho bado huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, lakini mahakama utakazoingia wewe, za ajali, talaka, mirathi, jinai za kawaida, ni za jimbo. Texas imekwenda mbali zaidi, maana jaji anagombea kwa tiketi ya chama. Kwanza mchujo wa Machi, kisha uchaguzi wa Novemba, kipindi ni miaka minne.

Mimi tiketi ya chama kwenye karatasi ya jaji siipendi, na sijaona hoja ya kunibadilisha. Mwaka 2018, hapo hapo Harris, chama kimoja kilizoa viti vyote 59 vya ujaji vilivyogombewa. Majaji wazuri na wabovu waliondoka kwa gari moja. Siku hizo mpigakura aliweza kubonyeza chama mara moja na kumaliza karatasi nzima. Texas iliufuta utaratibu huo kuanzia uchaguzi wa 2020. Karatasi bado ni ndefu mno, na mtu akifika jina la arobaini anachagua linalomkaa vizuri mdomoni.

Kwa hiyo mwenye akili timamu anaingia humo kutafuta nini? Sifa za chini siyo ngumu kwa wakili mzoefu: uraia, ukaazi katika distrikti, na tangu marekebisho ya katiba yaliyopigiwa kura 2021, awe amefanya uwakili au ujaji Texas kwa miaka minane, badala ya minne ya zamani. Pesa nazo siyo siri. Mshahara wa jimbo kwa jaji wa distrikti ulikaa dola 140,000 kwa miaka mingi, na 2025 bunge likaupandisha hadi 175,000. Kaunti inaweza kuongezea. Kwa wakili anayeshinda kesi za malori hiyo ni kushuka. Lakini hujui vitabu vyake vya hesabu. Wakili wa asilimia hugharimia kesi kwa mfuko wake mwenyewe, wataalamu, nakala, daktari wa kutoa ushahidi, na akishindwa hasara ni yake. Kuna mwaka wa kununua nyumba na mwaka wa kukopa ili alipe makarani. Mtu akishafika miaka hamsini na watoto wako chuo, mshahara unaoingia kila mwezi, na pensheni juu yake, huanza kuonekana mtamu. Wapo pia wanaojua kwamba jaji mstaafu ana soko zuri la usuluhishi. Hiyo siyo dhambi, ila hutaisikia kwenye hotuba.

Sababu ninayoiamini mimi, kwa kuwa nawasikia mawakili wakiisema hata wakiwa hawagombei chochote, ni ya kuchoka kusubiri. Chukua asubuhi ya kawaida. Saa tatu wakili amefika na watu wake. Daktari wa mifupa amekodiwa kwa saa. Mteja amebadilishana zamu kazini, na hii ni mara ya tatu. Karani anasoma orodha: kesi kadhaa zimepangwa siku moja, chumba kimoja, jaji mmoja, na yenu iko katikati. Kuna ombi la upande wa pili lililowasilishwa wiki sita zilizopita, la kuzuia sehemu ya ushahidi wa yule daktari, jaji hajalisoma. Saa tano mnaambiwa tarehe mpya, miezi mitano mbele. Daktari analipwa hata hivyo. Mteja anateremka na lifti akiuliza kama kuna alilokosea.

Ucheleweshaji huo una mtu unayemfaa. Kampuni ya bima haina kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi, wewe unayo. Kila kesi inapoahirishwa, bei utakayokubali inashuka, na wao wanaijua hesabu hiyo kuliko wewe. Jaji anayesoma maombi kwa wakati na kushikilia tarehe aliyoipanga anabadilisha bei ya kila kesi iliyo kwenye orodha yake, hata zile ambazo hazitasikilizwa kamwe. Na ambazo hazisikilizwi ndizo nyingi. Katika mahakama za shirikisho, kesi za madai zilizofika hatua ya kusikilizwa zilikuwa asilimia 11.5 mwaka 1962. Ilipofika 2002 zilikuwa 1.8. Mtu aliyesomea kusimama mbele ya juri, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusimama. Kwake kile kiti cha mbele ni njia ya kurudi kwenye kazi aliyoipenda.

Ipo sababu nyingine inayotuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni mkalimani. Sheria ya Texas inamtaka jaji ateue mkalimani mwenye leseni pale mhusika wa kesi anapowasilisha ombi au shahidi anapohitaji. Kwa lugha isiyo Kihispania, kaunti kubwa inaweza kutumia asiye na leseni endapo mahakama itathibitisha kwamba hakuna mwenye leseni ndani ya maili 75. Jaji mwenye haraka atathibitisha hivyo bila kuuliza. Jaji aliyewahi kukaa upande wa wakili, akamwona shahidi kutoka Kivu, Kongo, akijibu "ndiyo" kwa adabu tu kwa kila swali la mkalimani kutoka pwani ambaye Kiswahili chake hakielewi vizuri, atasimamisha shughuli na kumtaka shahidi aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Ukikutana na wakili wako kwenye kampeni, muulize hilo la mkalimani. Akikujibu kwa hatua, nani anapigiwa simu, siku ngapi kabla, nani anathibitisha, basi amelifikiria.

Ila usimuulize ataamuaje kesi za malori. Kanuni za maadili za majaji zinamkataza mgombea kuahidi matokeo ya kesi zilizopo au zinazokuja. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Minnesota, ilisema mgombea hawezi kuzuiwa kutaja msimamo wake wa kisheria, lakini kutaja msimamo siyo kutoa ahadi. Mgombea anayewaahidi waumini kwamba "watu wetu" watashinda mbele yake ndiye wa kuogopwa, hata kama watu wenyewe ni sisi.

Angalia pia kitu kidogo ambacho si rahisi kukiona ukiwa nje. Ikiwa kiti anachokitaka kina jaji tayari, wakili wako anasimama mbele ya majaji wenzake na huyo anayetaka kumng'oa, mwaka mzima, akiwa na kesi za watu. Mawakili wenzetu wanalijua hilo, na wengi huchangia pande zote mbili au hawachangii kabisa. Mtu anayekubali hali hiyo ama ana sababu nzito, ama anajiona mkubwa kupita kiasi. Barua yake iliyoandikwa vizuri haitakwambia ni lipi.

Harambee. Kumchangia mgombea wa ujaji si hongo kwa sheria ya Texas, mradi mfuate utaratibu, na utaratibu wenyewe hauendani na kapu letu la harambee. Fedha taslimu kutoka kwa mtu mmoja zisizidi dola 100 kwa kipindi kimoja cha taarifa (muda ambao mgombea huripoti hesabu zake), na kila anayetoa ajulikane kwa jina. Kuita "mbele kuna elfu moja kutoka kwa rafiki asiyetaka kutajwa" msithubutu. Hundi ya kampuni, hata ya duka lako dogo lililosajiliwa kama shirika, hairuhusiwi. Kanisa lenyewe lisitoe senti wala mchungaji asimnadi kwa jina la kanisa, kwani mnahatarisha msamaha wa kodi. Kutaneni nyumbani kwa mtu, kila mmoja kwa mfuko wake. Kuna kikomo: kwa distrikti yenye zaidi ya watu milioni moja, kama Harris, ni dola 5,000 kwa mtu kwa kila uchaguzi. Na yapo majira ya kuchangisha, kuanzia siku 210 kabla ya mwisho wa kujiandikisha wagombea hadi siku 120 baada ya uchaguzi. Kabla ya yote awe ameteua mweka hazina wa kampeni kwa fomu rasmi. Mwombe huyo mweka hazina aje, ashike daftari yeye.

Vikomo hivi vina historia nyuma yake. Huko West Virginia, bosi wa kampuni ya makaa ya mawe, Don Blankenship, alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin kuingia mahakama ya juu ya jimbo, wakati kampuni yake inajiandaa kukata rufaa dhidi ya hukumu ya dola milioni 50. Benjamin akakaa kwenye rufaa hiyo na kura yake ikawa miongoni mwa zilizoifuta hukumu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema alipaswa kujitoa. Dola zenu hamsini hamsini hazifiki huko. Ila wewe binafsi, kama mteja ambaye kesi yake iko mkononi mwake, mimi ningekushauri usubiri hadi kesi iishe ndipo uchangie. Sheria haikukatazi; nakuepusha tu na maswali ya wakili wa bima.

Mume wako mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia, kwa kuwa sheria ya shirikisho inawakataza wageni lakini inawatoa wakaazi wa kudumu kwenye katazo hilo. Anaweza pia kusambaza vipeperushi na kupika pilau la mkutano. Kupiga kura hapana, wala kujaza fomu ya kujiandikisha, hata kama kijana wa kampeni mwenye bashasha atamsukumia kalamu mlangoni akimwambia ni saini tu. Asiye raia akijiandikisha na kupiga kura anaweza kushtakiwa, na anaweza kupoteza grini kadi na njia yake ya uraia. Kura ya nyumba yenu msimu huu ni moja, na ni yako.